Cheza na mtoto mwenye ulemavu nyumbani: yeye aongoze, wewe ufuate

Natoa tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mtu amudu shughuli za kila siku, hapa Moshi, na wazazi wengi huja wakitaka mazoezi. Nawapa. Lakini ninachowasisitizia zaidi ni mchezo, tena unaoongozwa na mtoto. Wanasaikolojia Bernard na Louise Guerney walianza kuwafundisha wazazi kazi hii Marekani miaka ya 1960, kwa vikao vya nusu saa. Mtoto anayechoka haraka, mwanzishie dakika 15.

1. Mkalishe vizuri. Kwa mwenye mtindio wa ubongo, yaani ambaye ubongo wake unashindwa kuongoza misuli vizuri, usiruke hatua hii. Mwili ukiyumba, mikono inaishia kujishikilia tu. Mweke kwenye kiti kifupi kwenye kona ya ukuta, nyonga na magoti yakunjike, nyayo zikanyage chini. Kunja kanga umkingie pembeni asilalie upande. Akiteleza, mrekebishe kwanza ndipo muendelee.

2. Weka vitu vitatu tu. Kopo, kijiko, mpira wa makaratasi. Zima redio. Maharage na vizibo vya soda usimpe anayepeleka kila kitu mdomoni, vinapalia.

3. Kaa mbele yake, kisha subiri. Macho yenu yawe usawa mmoja. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi, pole pole. Hapa ndipo mama, baba, hata bibi hushindwa kuvumilia, kwa sababu wanampenda: wanamshika mkono, wanamgongea kopo. Mwenye mtindio wa ubongo huweza kuchukua muda mrefu tangu atake hadi mkono usogee. Ukimuwahi, zamu yake imepotea. Na usitazame mkono peke yake. Akikodolea kijiko macho, amechagua. Akitoa sauti, amechagua.

4. Mfuate. Sema anachofanya: "Umegonga kopo! Ngo ngo!" Maswali ya "hii rangi gani?" yaache, huo ni mtihani. Akirudia, mwache arudie. Mwenye usonji akizungusha mfuniko, usimnyang'anye. Chukua mwingine uuzungushe kando yake, usubiri akutazame.

5. Muage mtoto kabla ya kumaliza. Wimbo uleule kila siku, kisha mkusanye vitu pamoja.

Akigeuza uso au akilia, amechoka, pumzikeni. Ila akianza kupoteza uwezo aliokuwa nao, mfano alikuwa akishika kijiko na sasa hashiki, mpeleke hospitali mapema, usingoje tarehe ya kliniki.