Kuvuka Zambia kwa basi: Tunduma hadi Lusaka bila kulala njiani

Kutoka Nakonde, mji wa Zambia unaopakana na Tunduma, hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000 za lami, yote kwa Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo kwenye vibao imeandikwa T2. Urefu si shida, watu wa Dar wamezoea safari ndefu kama hiyo. Kinachowatesa abiria ni kanuni ya Zambia ya mwaka 2016: basi la abiria haliruhusiwi kutembea kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri. Dereva ana saa 16 tu za barabara. Basi likitoka Nakonde mchana, muda ukimkuta Mpika au Serenje analiegesha, nanyi mnalala vitini hadi alfajiri. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zina lengo moja: uwe ndani ya basi la kwanza la alfajiri.

1. Karatasi kwanza, tiketi baadaye

Mtanzania au Mkenya anayekwenda kutembea haombi viza ya Zambia. Hakikisha pasipoti imebakiza angalau miezi 6 na ina kurasa tupu. Beba kadi ya njano, hasa kama unaendelea Afrika Kusini. Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiikimbilie siku ya safari. Na tangu 2016 kadi haiishi muda. Atakayekuambia imekwisha kwa sababu ina zaidi ya miaka 10 anafuata utaratibu wa zamani.

Kagua na mfuko wa dawa. Baadhi ya dawa za mafua, mzio na kikohozi zina diphenhydramine, na Zambia wasafiri wamewahi kukamatwa kwa kukutwa nayo bila cheti cha daktari. Soma kibandiko. Ukiiona na huna cheti, iache nyumbani.

2. Fika Tunduma mchana

Tangu 2023 mabasi ya Tanzania yanaruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo panda basi la jioni pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, Dar, ili kesho yake uwe Tunduma jua likiwa bado juu. Yapo mabasi ya moja kwa moja hadi Lusaka, na mwenye mizigo mingi yanamfaa. Lakini mpakani basi zima husubiri abiria wa mwisho na mzigo wa mwisho. Mzigo wa mtu mmoja ukizuiwa forodha, mnasubiri wote, na zile saa 16 zinaliwa hapo hapo. Kwa mwenye begi moja, bora kuunganisha.

3. Mihuri miwili, usitoke na mmoja

Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliokatwa na mstari. Wenyeji huvuka kwenda sokoni na kurudi, na mgeni anayefuata kijana wa mkokoteni anaweza kujikuta Nakonde bila kupita uhamiaji hata kidogo. Hapo hakuna atakayekuuliza. Utaulizwa mbele, askari au uhamiaji wakipanda basi kukagua pasipoti, na bila muhuri wewe ni mhamiaji haramu.

Tangu 2019 mpaka huu unahudumiwa kwa mfumo wa kituo kimoja: anayeingia Zambia anamalizia kila kitu katika jengo la upande wa Nakonde. Dirisha la Tanzania linakugongea kutoka, la Zambia linakugongea kuingia. Kabla hujaondoka dirishani, fungua ukurasa uone vitu viwili: tarehe, na idadi ya siku ulizoandikiwa kwa kalamu. Usidhani umepewa siku 90. Ukiandikiwa 30 nawe unakaa zaidi, utaongeza katika ofisi ya uhamiaji kabla hazijaisha.

4. Kwacha

Mtandao wa pesa wa simu ya Tanzania usiutegemee ng'ambo. Badilisha pesa benki au kwenye duka lenye leseni. Ukilazimika kwa wale wa barabarani, piga hesabu yako mwenyewe kwenye simu yako, si kwenye kikokotoo chao. Kwa mfano tu: kwacha moja ikiuzwa shilingi 100, laki tatu ni kwacha 3,000. Zihesabu mwenyewe noti moja moja, na ukishazihesabu usizirudishe mkononi mwake hata akisema "ngoja nikuongezee", ndipo zinapopungua. Zambia ilifuta sifuri tatu mwaka 2013, hivyo noti ya kwacha elfu hamsini ni karatasi tu. Noti za K200 na K500 zilianza kutoka 2025 na ni halali.

5. Tiketi, na saa iliyoandikwa juu yake

Hapa ndipo watu wetu wengi wanapoachwa. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na tena tiketi huandikwa kwa saa 24. Tiketi ikisema 05:00, si saa tano. Ni saa 11 alfajiri kwa Zambia, wakati saa yako ya Dar inasoma saa 12 asubuhi. Simu nayo haiaminiki ukiwa Nakonde, maana ikinasa mnara wa Tanzania inarudi saa ya Tanzania. Zima saa ya kujirekebisha, iweke mwenyewe, kisha muulize mkata tiketi: "Saa hii yako ni ngapi?" Mlinganishe.

Kata tiketi jioni ile ile, dirishani na si kwa mpiga debe, kisha lala gesti ya Nakonde, siyo Tunduma. Ukilala Tunduma utaanza foleni ya mihuri asubuhi basi likiwa limeshaondoka.

6. Kiti na begi

Omba kiti cha kushoto, katikati ya basi. Safari inaelekea kusini-magharibi, jua la mchana na jioni linapiga upande wa kulia, na malori ya shaba yanayokuja Dar yanapishana nanyi upande huo huo. Kiti cha nyuma kabisa kinarusha. Begi la buti lipewe kibandiko chenye namba, nawe ubaki na kipande chake. Pasipoti, pesa, dawa na chaja viwe mapajani. Juni na Julai uwanda wa Mpika una baridi kweli. Shuka la Kimasai linatosha.

7. Njiani

Hesabu kwa vituo: Nakonde hadi Mpika kama kilomita 370, kisha Serenje 240, Kapiri Mposhi 190, Lusaka 200. Basi likiwa bado Serenje jua linazama, mwulize kondakta mapema kama mtafika au mtalala Kapiri. Kuchimba dawa ni dakika chache. Shuka na tiketi yako na ukariri namba ya basi, maana mabasi ya kampuni moja hufuatana na yanafanana. Chakula ni nshima, yaani ugali, kwa kuku, samaki au kapenta, yaani dagaa. Kaskazini wanazungumza Kibemba: "mulishani" ni salamu, "natotela" ni asante. Kiswahili kinaishia karibu na Nakonde.

Anayekwenda Lubumbashi asifike Lusaka. Ashuke Kapiri Mposhi, pale barabara ya Ndola, Kitwe, Chingola na Kasumbalesa inapochepuka. Kwenda Lusaka ni kujiongezea kilomita 400 za kwenda na kurudi.

8. Lusaka

Basi linaishia stendi ya Intercity, Barabara ya Dedan Kimathi, mara nyingi usiku. Usimkabidhi begi yeyote anayekuita "boss" mlangoni. Ita teksi ukiwa bado ndani ya stendi, mkubaliane bei kabla ya kupakia. Wa Harare atapitia Chirundu, mpaka wa kituo kimoja tangu 2009, naye akate tiketi kesho yake mchana: dirisha la Intercity litamwonyesha basi lenyewe na saa halisi ya kuondoka.