Namna ya kuchezesha uchaguzi wa Kirumi hapo mtaani kwenu

Kama una vijana wa mtaa, au klabu ya historia shuleni, au ni nyinyi tu wa baraza ambao kila jioni mnabishana siasa za kaunti mpaka muuza kahawa anabeba birika lake anaenda zake, kuna mchezo unaweza kuwachezesha na hautakugharimu zaidi ya kashata na karatasi. Ni uchaguzi wa konsuli, yaani kiongozi mkuu wa Roma, ile Roma ya jamhuri kabla makaisari hawajashika nchi. Watu wengi wanajua Kaisari aliuliwa kwa visu mwaka 44 KK na wanajua kulikuwa na seneti, basi wameishia hapo. Mi naona penye utamu ni vile kura yenyewe ilivokuwa inapigwa, manake kila raia mwanamume alikuwa na haki ya kura na bado mnyonge angeweza kusimama juani tangu asubuhi akarudi kwake hajaipiga, na sheria haijavunjwa hata moja. Ukiwaeleza watu hivo kwa mdomo wanakuitikia huku wako kwa simu. Ukiwapanga foleni wakaonja wenyewe wanakasirika, na wakikasirika jua mchezo umeenda sawa.

Tafuta wapiga kura 40 na wengine kama kumi wa kazi ndogondogo. Wakipungua punguza wale wa chini, wa juu usiwaguse kabisa, utaona kwa nini. Vitu ni benchi moja refu, kamba, kikapu chenye mdomo mpana, karatasi ngumu umezikata vipande, leso moja nyekundu, kanzu tatu nyeupe na kashata za kutosha. Na kabla ya yote mwambie mzee wa mtaa, usije ukaanza tu, kwa sababu watu wa Mombasa wakiona kanzu, kikapu cha kura na foleni pale kiwanjani wanaanza kuulizana ni by-election ya wapi hiyo na nani anagawa.

Sasa ugawaji, na hapa usiharakishe. Warumi walikuwa hawahesabu kichwa kwa kichwa. Kwa uchaguzi wa vyeo vikubwa raia walipangwa makundi 193, kila kundi linaitwa senturia, ndani ya senturia watu wanapiga kura na wengi wanashinda, kisha senturia nzima inatoa kura moja. Haya, nani anawekwa kundi gani? Wanaangalia mali. Kulikuwa na wakaguzi wawili waliokuwa wakichaguliwa kila baada ya miaka 5 hivi kuandika nani ana nini. Wale wa tabaka la wapanda farasi walipewa senturia 18, daraja la kwanza la wenye mali wakapewa 70, jumla 88, na ushindi unataka 97. Zamani zaidi ilikuwa mbaya kuliko hapo, daraja la kwanza lilikuwa na senturia 80, kwa hivo wao na wapanda farasi walifika 98 na wanamaliza kazi bila kumuuliza mtu, ikaja ikapunguzwa kidogo karne ya 3 KK. Na wale wasio na kitu kabisa, ile halaiki? Wote senturia moja. Hiyohiyo moja.

Kwa mchezo wetu gawanya kila kitu kwa kumi upate kura 19, mshindi anahitaji 10. Wapanda farasi watu 2 kura 2. Daraja la kwanza watu 7 kura 7. La pili watu 4 kura 2, la tatu vivyo hivyo, la nne vivyo hivyo. La tano watu 6 kura 3. Waliobaki, watu 13, kura moja. Andika madaraja kwa vikaratasi 40, tia ndani ya kofia, kila mtu achomoe na hakuna kubadilishana. Usijaribu kuwagawa kwa mali zao za kweli, tafadhali, mambo ya kuulizana nani ana nini kwa M-Pesa yamevunja urafiki wa watu wengi. Wanawake na watumwa Roma hawakupiga kura. Sisi tuwaache akina dada wapige, na nakuombea mmoja wao achomoe mpanda farasi.

Wagombea wawe watatu kwa nafasi mbili, manake makonsuli walikuwa wawili kwa mwaka mmoja, na kila mmoja aweza kumzuia mwenzake. Baada ya sheria za Sulla, jenerali aliyejifanya dikteta, ulihitaji umri wa miaka 42 na uwe umeshapita vyeo vya chini, sisi hatuna wazee wa kutosha kwa hivo hiyo iache. Wavae kanzu nyeupe, Warumi waliosaka cheo walikuwa wanapaka chokaa nguo zao zing'ae mtu awaone kutoka mbali. Kila mgombea apewe mpambe wa kumnong'oneza majina, "huyu ni fulani, babake aliugua juzi", hiyo ilikuwa kazi kamili kule na wengine walitumia watumwa wenye kumbukumbu kali. Wape dakika 20 wazunguke wakishika watu mikono.

Sharti moja la kampeni: hakuna kuahidi maji, barabara wala karo. Hakukuwa na vyama kama hivi vyetu wala manifesto, mtu alijinadi kwa ukoo wake, vita alivopigana, watu aliowasaidia kesini na anaowadai fadhila. Vijana watasumbuka sana hapo, mdomo umeshazoea "nikipata nitawaletea". Wakumbushe kisa cha Scipio Nasica, kijana wa ukoo mkubwa, alikuwa anaomba cheo cha chini tu, akamshika mkono mkulima mmoja akaukuta mgumu kama gome, akamtania kama kawaida yake ni kutembelea mikono. Maneno yakasambaa, watu wa mashamba wakaona wanadharauliwa umaskini wao, akanyolewa bila maji.

Kashata sasa. Kila mgombea mpe 15 kwa siri. Roma ilikuwa na wagawaji maalum wa pesa za kampeni, na pia watu wa amana, yaani hongo inawekwa kwa mtu wa katikati na inalipwa kura ikishatoka kama ulivyoahidi. Kwa hivo weka mtu mmoja awe wa amana, aaminike, na asiwe mla kashata. Mwaka 54 KK ushindani wa ukonsuli ulikuwa mkali mpaka riba ya mikopo pale Roma ikapanda kutoka asilimia 4 hadi 8 kwa mwaka, watu walikuwa wanakopa ili wahonge! Sheria za kuzuia zilikuwepo, nyingi tu. Cicero mwenyewe, yule wakili na msemaji maarufu, alipokuwa konsuli mwaka 63 KK alipitisha moja ya kumpeleka mtu uhamishoni miaka 10, afu mwaka huohuo akasimama mahakamani kumtetea Murena aliyeshtakiwa kwa kosa hilohilo la hongo, na Murena akaachiliwa. Wewe usiwaambie wagombea wampe nani. Waangalie tu. Mgeni wa mchezo anakimbilia wale 13 kwa sababu ni wengi na wanampigia makofi, mjanja anawaacha kabisa, anamalizia zote kwa watu 9 wa juu na daraja la pili.

Anza baada ya alasiri na umalize kabla ya magharibi, Warumi nao kikao kilikuwa hakivuki jua kutua. Funga kamba upate njia nyembamba, benchi liwe mwisho wa njia kama kile kidaraja ambacho Mrumi alikipanda kwenda kupiga kura, kikapu mbele yake. Kura zilipigwa Uwanja wa Mars, nje ya mpaka mtakatifu wa mji, kwa sababu mkutano ule asili yake ni jeshi, na jeshi haliingii mjini. Ndo maana ya leso nyekundu. Kilima cha Janiculum upande wa pili wa mto palikuwa na bendera nyekundu na walinzi, ikishushwa maana yake adui anakuja, kila mtu aache kura akimbilie silaha. Baadaye adui hakuwa karibu tena, miaka ikapita, desturi ikabaki. Mwaka 63 KK watu walikuwa wanakaribia kumhukumu seneta mmoja mzee, Rabirius, ofisa mmoja akaenda zake akaishusha bendera na mkutano ukavunjika hapohapo. Mpe mtu leso aitundike juu ya mti na umruhusu kuishusha mara moja tu, muda autakao. Mwingine awe mtazama anga, akisema ameona radi kikao kimekwisha mpaka siku nyingine. Msimu wa masika huyu usimweke, atakuwa na ushahidi mwingi mno.

Raundi ya kwanza piga kwa mdomo. Mtu anapanda benchi, anamtajia karani majina mawili kwa sauti, huku mgombea aliyempa kashata amesimama futi tatu akimkodolea macho. Anza kwa kumpigia bahati mmoja kati ya wale 7 wa daraja la kwanza, huyo ndiye anatangulia na matokeo yake yanatangazwa kabla wengine hawajapiga. Roma pia senturia ya kwanza ilichaguliwa kwa bahati na watu waliichukulia kama ishara ya mbinguni, Cicero aliiambia mahakama kwamba dalili ile haijawahi kudanganya. Tazama nyuso za waliobaki jina likishatajwa, wallahi utaona watu wakihama pole pole. Fuatisha waliobaki wa daraja la kwanza, kisha wapanda farasi, kisha la pili, ukijumlisha kwa sauti kila hatua. Kwenye kundi la watu wengi wakifungana piga bahati.

Wawili wakishafika kura 10, simamisha. Hapo hapo. Usisubiri adabu. Kama wale 9 wa juu waliongea lugha moja basi daraja la pili linatosha kuifunga, na watu 27 wanabaki kwenye foleni na majina yao mdomoni. Watakuuliza "na sisi je?" Msimamizi, ambaye ni konsuli anayemaliza muda, ajibu kwamba kazi imekwisha mwende salama. Matajiri wakigawanyika ndo kura inateremka mpaka la tatu au la nne, na Roma ilikuwa hivohivo, mnyonge alikuwa na thamani siku wakubwa wamekosana. Na ikitokea wote watatu wanaelekea 10, wanaochukua ni wawili waliotangulia kufika, kwa hivo foleni yenyewe ni siasa.

Raundi ya pili leta karatasi. Mwaka 139 KK ilipitishwa sheria ya kura ya siri, raia akawa anaandika kwenye kibao chenye nta na kukitumbukiza kikapuni. Wakubwa hawakupenda hata kidogo. Wakawa wanasimama palepale kwenye kidaraja wanachungulia vibao, mpaka mwaka 119 KK Marius, wakati huo tribuni tu, yaani ofisa wa kutetea watu wa kawaida, akaleta sheria ya kupunguza upana wa vidaraja ili asipite zaidi ya mpiga kura mwenyewe. Maseneta wakamjia juu, akatishia kumtia konsuli ndani, sheria ikapita. Kwa hivo raundi hii sogeza kamba zibane, watoe wapambe wote kwenye njia, na kila mtu aandike herufi mbili za wagombea wake kabla hajapanda. Waandike wote 40 tangu mwanzo, hata wa mwisho wa foleni. Hapa ndo kashata zinaanza kupoteza nguvu, utaona mtu amekula za watatu.

Ukishatangaza washindi wa raundi ya pili, kusanya karatasi za wale ambao hawakufikiwa, changanya na zile za kikapuni kisha hesabu zote 40 kichwa kwa kichwa mbele ya watu. Pengine majina yatakuwa yaleyale, pengine hapana, usilazimishe. Kama yametofautiana watu watabishana mpaka adhana, waachie, ila mwenye amana amalizane na wadai wake kabla hamjatawanyika na kashata zilizobaki waanze kuchukua wale 13.