Ulizo linapozubaa kwenye jedwali la mistari bilioni: uchunguzi katika hifadhidata ya PostgreSQL

Kabla ya kugusa faharasa (index) yoyote, hakikisha ulizo (query) lenyewe linafanya kazi, halijasimama tu foleni. Tazama `pg_stat_activity`, orodha ya vikao vilivyo wazi: `wait_event_type` ikiwa `Lock`, kuna muamala (transaction) mwingine umeshika kufuli (lock), na `pg_blocking_pids()` itakutajia ni upi. Mara nyingi ni kikao kilichofunguliwa kwa `BEGIN` kikasahaulika. Kifunge, kazi imekwisha.

Kama si kufuli, ongeza `pg_stat_statements`, kiendelezi kinachohesabu muda wa kila ulizo, kwenye mpangilio wa `shared_preload_libraries`, washa seva upya, kisha andika `CREATE EXTENSION pg_stat_statements`. Panga matokeo kwa `total_exec_time` (jumla ya muda), si `mean_exec_time` (wastani). Ulizo la milisekunde 40 likiitwa mara 500,000 kwa siku hula zaidi ya saa 5 za seva. Ripoti ya dakika 3 inayoendeshwa mara moja usiku haina neno, ingawa ndiyo inayolalamikiwa.

Ukishalipata ulizo linalokula muda, omba mpango wake wa utekelezaji:

`EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS) SELECT ...`

Amri hii huliendesha ulizo kwelikweli, kwa hiyo `UPDATE` na `DELETE` ziwekwe kati ya `BEGIN` na `ROLLBACK`, inayotangua mabadiliko. Soma kuanzia matawi ya ndani, ukilinganisha makadirio na hali halisi:

`Index Scan ... (cost=0.58..8.60 rows=1) (actual ... rows=412906 loops=1)`

Ugonjwa uko hapo. Mpangaji (sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia ya kutekeleza ulizo) alitarajia mstari 1, akachagua `Nested Loop`, njia inayorudia tawi la pili kwa kila mstari wa tawi la kwanza, na sasa tawi la pili linarudiwa mara 412,906. (Muda unaoonyeshwa kwenye tawi hilo ni wastani wa mzunguko mmoja, zidisha kwa `loops`, la sivyo utaliona halina hatia.) Faharasa mpya haitasaidia kitu: takwimu za jedwali, ambazo mpangaji hukadiria kwazo, ndizo zimechakaa. Kwa kawaida `ANALYZE` ya kujiendesha (amri ya kukusanya takwimu upya, si ile ya ndani ya `EXPLAIN`) husubiri asilimia 10 ya jedwali ibadilike. Kwenye mistari bilioni 1, hiyo ni milioni 100, na data ya wiki hii bado haijulikani kwa mpangaji. Rekebisha hivi:

`ANALYZE miamala;`
`ALTER TABLE miamala SET (autovacuum_analyze_scale_factor = 0.005);`

Usiogope ukubwa wa jedwali. `ANALYZE` huchukua sampuli ya mistari 30,000 tu, usipobadilisha mpangilio.

Makadirio yakiwa sawa, tafuta `Rows Removed by Filter` (mistari iliyosomwa kisha ikatupwa) yenye tarakimu nyingi. Sharti kama `date(iliundwa) = '2025-03-01'` huizuia faharasa ya safu ya `iliundwa` isitumike; andika `iliundwa >= '2025-03-01' AND iliundwa < '2025-03-02'`. Ukiona `external merge Disk`, upangaji wa mistari (sort) umemwagikia diskini kwa sababu `work_mem`, kumbukumbu inayoruhusiwa kwa kazi hiyo, kwa kawaida ni MB 4 tu. Ipandishe ndani ya kikao hicho peke yake, maana kila upangaji huchukua fungu lake.

Ikibidi kweli kuongeza faharasa, tumia `CREATE INDEX CONCURRENTLY` ili uandishi usisimame. Ikikatika njiani huacha faharasa yenye alama ya `INVALID`, isiyosaidia kusoma lakini inayoendelea kuchelewesha uandishi. Ifute kwa `DROP INDEX CONCURRENTLY`, ndipo ujaribu tena.