Mia mia za wapanda miamba: venye tunamchangia kijana mwenye kipaji bila kukosana

Kiatu cha kupandia mwamba hakifi kama kiatu cha shule. Kisigino kinabaki kizima, rangi bado inang'aa, lakini pale kwa kidole gumba raba inakonda pole pole mpaka siku moja unaona kidole chenyewe kimechungulia nje. Kijana wetu alipanda hivyo Lukenya, ile miamba ya nje ya Nairobi, karibu miezi miwili, ameziba na gundi ya fundi na kipande cha tyubu ya baiskeli, na bado alikuwa anapita ruti (njia za kupandia mwamba) ambazo sisi wenye viatu vizima tunaning'inia tu kwa kamba tukisema leo jua ni kali. Hapo ndio tulianza kuchangishana. Naandika venye tunafanya, pamoja na penye tuliharibu, ndio mtu akitaka kuanzisha kwao asirudie yetu.

La kwanza, na karibu yote iko hapa: usianze na safari, anza na mwezi. Harambee tunaijua vizuri, kadi inazunguka, watu wanapigiana makofi, pesa inaingia siku moja halafu kimya mpaka mwaka ujao. Kwa matanga na harusi inafanya kazi kwa sababu matanga yana siku yake yanaisha. Mpanda mwamba hakui hivyo, yeye anahitaji kutoka kila wikendi mwaka mzima, na kinachomfunga nyumbani sio laki mbili za ndege, ni nauli ya Jumamosi hii na chakula cha Jumamosi ile ingine. Watu 40 wakitoa mia moja kila mwezi ni elfu nne, na hiyo elfu nne ikikuja bila kukosa itamfikisha mbali kuliko elfu hamsini ya siku moja. Kila mtu anataka kuchangia tiketi ya ndege kwa sababu inapendeza kwa picha, hakuna mtu anataka kulipia boda ya kutoka stendi mpaka kwa mwamba, na boda ndio inajenga mpandaji.

Mia moja sikuichagua ovyo. Kwa bei za M-Pesa za sasa ukimtumia mtu mia moja au chini haikatwi kitu, ukipita hapo mpaka mia tano unakatwa shilingi 7. Kuna mzee kwa grupu yetu hutuma mia mbili kila tarehe 2, mia halafu mia tena, anasema hiyo 7 ni ya mkewe. Lakini maana yenyewe ni kwamba mia haiumi. Mtu akiweka ahadi ya elfu moja atalipa miezi miwili, wa tatu atanyamaza, wa nne ataanza kukukwepa hata kwa mwamba, na sasa umepoteza mchango na mtu wa kukushikia kamba pia, yule anakuzuia ukianguka.

Nani achangiwe? Hapa ndio kuna vita. Usichague kwa video. Kila mtu anaonekana shujaa kwa sekunde 20 na muziki chini yake. Sisi hatumchangii mtu kabla hajapanda nasi miezi mitatu, na kwa hiyo miezi mitatu tunaangalia mikono yake akifunga fundo kuliko tunavyoangalia akipanda. Anajikagua? Anamkagua mwenzake kabla hajainuka chini? Akianguka pahali pamoja mara tano anatukana mwamba au anakaa chini anafikiria mguu uwekwe wapi? Kulikuwa na mmoja mwenye nguvu ya ajabu, kusema kweli alikuwa anatuzidi sote, lakini alikuwa anashikia watu kamba huku akisoma simu. Tulimwambia hapana. Alikasirika, marafiki zake wakatoka kwa grupu, na mpaka leo sijuti hata kidogo.

Halafu ongea na yeye mwenyewe kabla ya kuongea na watu wengine. Muulize anataka nini, usimpangie. Kupanda kuna aina nyingi na pesa ya aina moja haisaidii ingine. Mwenye ndoto ya kilele cha Nelion kule Mlima Kenya, mita 5,188, kwa ile ruti Shipton na Wyn-Harris walifungua 1929, anahitaji siku nyingi za mwamba halisi, kujifunza kuweka mwenyewe kwa nyufa za mwamba vifaa vya kumzuia akianguka, nguo za baridi, ada ya mbuga, na aende Januari au Februari wakati upande ule umekauka. Mwenye anataka mashindano anahitaji jimu yenye ukuta wa kupandia, karibu kila siku. Na mashindano yenyewe yamegawanyika, ile ya kasi wanakimbia ukuta wa mita 15 wenye vishikio vilevile dunia nzima, sasa kama hapa hauna huo ukuta wa kufanyia mazoezi unamtuma mtoto wa watu akaaibike. Olimpiki ya Tokyo na ya Paris 2024 nafasi za Afrika zote zilichukuliwa na Afrika Kusini, na sidhani ni kwa sababu vidole vyao vimeumbwa tofauti na vyetu.

Na Everest mniwachie kwanza. Najua James Kagambi alifika juu 2022 akiwa na miaka 62, Mkenya wa kwanza, na timu yake ya Full Circle ilichangiwa na watu wa kawaida mtandaoni, ni hadithi tamu sana. Lakini mzee alikuwa amefundisha watu milima miaka na miaka kabla ya hiyo siku. Kibali peke yake cha Everest msimu wa machipuko sasa ni dola 15,000. Hesabu hiyo kwa mia mia halafu rudi tuongee habari ya nauli ya Lukenya.

Sasa pesa ikae wapi. Sio kwa laini ya mtu. Sisi tulianza hivyo, mweka hazina wetu ni mtu mwaminifu kabisa, lakini usiku mmoja mtoto wake akawa mgonjwa, akatumia elfu tatu ya kijana, akairudisha baada ya siku nne, na hakuna mtu angejua kama kijana hangetaka nauli siku ya pili. Hakuiba. Shida ni kwamba pesa ya watu ilikuwa imelala kitanda kimoja na yake. Kama mko wachache na mnaanza, nunueni laini mpya ambayo kazi yake ni hiyo tu. Mkitaka wa nje wachange pia, M-Changa, ile huduma ya kuchangisha mtandaoni, iko na inakubali M-Pesa na kadi za benki, na unaweza kuweka watu wa kuidhinisha pesa kabla haijatoka, wanakata kitu kidogo lakini watu wetu walio Qatar na Minnesota wanachanga bila kukusumbua. Mkikua, jiandikisheni kama kikundi kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, mnahitaji kuwa angalau watu 10, halafu mfungue akaunti ya benki yenye sahihi za watu watatu. Mpandaji mwenyewe asiwe mmoja wa hao watatu, tafadhali, na ndugu yake pia asiwe.

Kila Jumatatu mweka hazina anaweka ujumbe kwa grupu. Yetu inakaa hivi, nimeitoa vile ilivyo (chaki ni unga wa kukausha mikono, Hell's Gate ni mbuga ya Naivasha yenye miamba):

"Iliyobaki wiki jana 3,150. Imeingia 900 (watu 9). Imetoka: nauli 600, chakula 250, chaki 400. Salio 2,800. Jumamosi alipanda ruti 6, ile ya kona ameanguka mara 3 hajaimaliza. Wiki hii anahitaji mtu mwenye gari ya Hell's Gate."

Imeisha. Hakuna Mungu awabariki ya mistari kumi, hakuna picha ya mtu akishika hundi. Ile "hajaimaliza" ndio inafanya watu watume, niamini, maana wiki inayofuata kila mtu anauliza na ile kona ilikuwaje? Mimi nimeona mtu ametuma mia mbili saa tano usiku kwa sababu tu kona imeisha.

Ukienda kuomba watu wapya, usimuuze kijana kwa shida zake. Kuna mtu alitaka tupige picha nyumba ya mamake, mabati na yote, ati ndio watu waguswe. Kijana alinyamaza tu akaangalia chini, na mimi nikaona haya kwa niaba yetu sote. Onyesha akipanda. Wenye kuchanga hapa ni wapandaji wenzake, wanajua kuangalia, hawahitaji kulizwa. Mwambie mtu "huyu amepita ile ruti yenye imekushinda mwaka mzima" uone kama hataingia mfukoni, hata kama ni kwa hasira.

Andikeni pia pesa itaenda wapi safari ikivunjika. Sisi hatukuandika. Tulimchangia dada mmoja aende mashindano nje, visa ikakataliwa wiki moja kabla, tiketi ikarudisha nusu, na hiyo nusu ikaleta kelele kuliko pesa yote tuliyowahi kuchanga, huyu anataka yake irudi, yule anasema apewe tu dada, mwingine anataka kununua kamba. Sasa tuna sentensi moja kwa maelezo ya grupu: isipotumika kwa safari, inabaki kwa mazoezi yake, hairudishwi. Kila anayeingia anaisoma kabla ya kutuma.

Usisahau usalama kwa bajeti, hata kama haipendezi. SHA yake, ile bima ya afya ya serikali, iwe imelipwa. Kama anaenda mlima wa mbali, uanachama wa mwaka wa Flying Doctors wa AMREF, wale wa kubeba wagonjwa kwa ndege, ni pesa nzuri kutumia. Helmeti mpya. Ukipunguza kitu, punguza jezi zenye majina.

Michango isiyo pesa mpokee, lakini kwa macho. Viatu vilivyotumika, karibu sana, kuna watu huokota hata Gikomba kwa bei ya soda mbili tatu maana muuzaji hajui ni vya nini, na fundi mzuri anaweza kuweka raba mpya chini ukapata mwaka mwingine. Karabina (zile pete za chuma za kuungia kamba) na vyuma vingine, kagua ufa, kutu na kama mlango unajifunga wenyewe. Lakini kamba na hanesi (mshipi wa kiunoni wa kufungia kamba) ambayo hujui historia yake, hata mtu akileta kwa roho safi, sema asante na usimfungie mtu. Watengenezaji wengi wanasema kitambaa kikifika miaka 10 kiondolewe hata kama kimekaa tu kabatini, na kamba ikimwagikiwa asidi ya betri kwa buti ya gari haikuonyeshi kitu kwa macho. Tulipewa moja hivyo, nzuri, ya bluu, na mzungu aliyekuwa anahama nchi. Hakukumbuka aliinunua lini. Tuliikata vipande hapo hapo ndio hata mgeni asije akaitumia, na kipande kirefu sasa kimefunga mbuzi wa jirani yangu.