Jinsi ya kuandaa tuzo za makadeti bila kumwaibisha mtu uwanjani

Msoma majina alitaja kadeti bora wa shabaha, na makadeti wawili wakatoka mstarini. Walitembea kwa hatua moja, wakasimama mbele ya mgeni rasmi bega kwa bega, wakapiga saluti. Kombe lilikuwa moja. Kwenye hema la wazazi mzee mmoja mwenye kanzu na koti alikuwa ameshainuka anapiga makofi, na mwanawe ndiye aliyeamriwa kugeuka nyuma na kurudi.

Karatasi ile niliipiga chapa mimi. Nilikuwa karani wa ofisi ya mafunzo katika chuo kimoja cha kijeshi hapa Uganda, na niliandika majina bila namba za jeshi kwa sababu niliona ukurasa unapendeza zaidi hivyo. Makadeti wale walifanana jina la kwanza na la pili. Kwetu hilo si ajabu: pacha wa kiume wa Kiganda ni Wasswa na Kato, kwa Waacholi na Walango ni Opio na Ocen, na anayewafuata pacha ni Okello. Kozi kubwa haikosi majina yanayojirudia. Kwa hiyo wewe uliyekabidhiwa kazi hii mwaka huu, andika namba kwanza, jina baadaye, kuanzia daftari la alama hadi cheti. Na msoma majina aitaje hiyo namba kwa sauti, hata kama mgeni rasmi ana haraka.

Ila kazi yenyewe haianzi wiki ya paredi. Inaanza wiki ya kwanza ya kozi, mkufunzi mkuu anapotangaza ni tuzo zipi zitatolewa na kila moja inauliza swali gani. Angalia wanavyofanya Sandhurst, chuo cha maofisa wa jeshi la Uingereza. Upanga wa Heshima hupewa kadeti ambaye mkuu wa chuo anamwona bora kuliko wote kwa jumla. Medali ya Mfalme humwendea mwenye alama za juu kabisa katika masomo ya kijeshi, ya darasani na ya vitendo. Kisha ipo tuzo ya peke yake kwa kadeti bora aliyetoka nchi nyingine. Kule India, katika chuo cha Dehradun, medali ya dhahabu humfuata aliyeongoza orodha ya ufaulu na upanga humfuata aliye bora kwa kila upande. Mtu mmoja anaweza kuvibeba vyote viwili, lakini maswali yenyewe hayachanganywi.

Chuo chako kikiwa na tuzo ya jumla, ya darasani, ya shabaha, ya mbinu za medani, ya kwata na ya mazoezi ya viungo, andika sentensi moja kwa kila tuzo ukieleza inapatikanaje, kisha uibandike ubaoni makadeti waione. Kuhusu tuzo ya kadeti bora wa kike nina neno. Isigeuzwe mahali pa kumweka mwanamke aliyewashinda wote, ili tuzo kubwa ibaki kwa mwanamume. Akiongoza kozi apewe ya jumla, na hiyo nyingine iende kwa mwanamke anayemfuata. Nimevaa magwanda miaka mingi na nimemwona binti akipokea cheti huku anajua hesabu yake vizuri kuliko sisi tuliompa.

Alama zikusanywe kila wiki zikiwa na saini ya mkufunzi aliyezitoa. Alama zilizoletwa mwezi mzima baadaye zimeshachanganyika na mapenzi. Amueni mapema pia kadeti aliyelazwa kwa malaria wakati wa zoezi atahesabiwaje. Mkiamua baada ya kujua ni nani anayeumwa, mtaonekana mmempendelea au mmemwonea.

Kinachosumbua zaidi ni maelezo ya wakufunzi. Wanapenda kuandika "ni hodari, ana nidhamu." Maneno hayo ni kama blanketi la stoo, yanamfunika yeyote. Rudisha karatasi kwa heshima: "Afande, naomba uniandikie alifanya nini, wapi, usiku au mchana." Ninakumbuka mpaka leo maelezo ya sajini mmoja yaliyoandikwa kwa penseli, karatasi imelowa pembeni. Zoezi la usiku, mvua kubwa, dira ya platuni imepotea. Kadeti aliyekuwa zamu ya kuongoza aliwaketisha watu, hakumkaripia aliyeipoteza, akafuata mkondo wa maji hadi barabara ya gari, akahesabu watu mara mbili. Alipofika akasema kosa ni lake. Mistari minne tu. Kamati ya kuchagua washindi iliisoma na hakuna aliyeuliza swali la pili.

Wapigishe makadeti wenyewe kura ya siri: usiku wa hatari ungetaka nani akuongoze? Kura isiamue, lakini ikipishana sana na alama, rudi kwa wakufunzi uulize kuna nini. Wanaolala bweni moja wanajua nani huficha sabuni na nani humbebea mwenzake bunduki anapovimba mguu.

Kwenye kikao cha kamati peleka namba tupu, tena si zile za jeshi bali za muda ulizozitunga mwenyewe. Jina la kadeti, kabila linalosomeka ndani ya jina, na jina la baba vikae kwenye bahasha iliyofungwa mpaka mkuu wa chuo atie saini. Nchi yetu ni ndogo, na wapo wazazi wenye namba za simu za wakubwa. Simu ikilia kabla ya saini, mjumbe atajibu kwa ukweli kwamba mbele yake hana jina lolote. Nimeona jambo hili likiwaokoa watu wema waliokuwa wanatetemeka.

Baada ya saini ndipo uende kwa mchongaji, si kabla. Vyeti na vibao vya majina watu wengi huvipeleka Kampala, barabara ya Nasser, mahali pa wachapaji. Nenda wewe mwenyewe na orodha, kaa pale, soma herufi moja moja kwa kidole kabla mashine haijawashwa. Kombe au upanga usichongwe jina moja kwa moja. Tengeneza kibamba cha shaba kinachofungwa kwa skrubu, ili herufi ikikosewa ubadilishe kibamba na si kombe zima. Jipe wiki mbili. Rudi na vyeti ndani ya mfuko wa nailoni, maana mvua ya Aprili na ya Novemba haina adabu.

Maneno ya sifa yatakayosomwa uwanjani yasizidi dakika moja. Yaandike kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, lakini jeshini kilikuwa nyumbani kabla ya hapo. Hata siku yetu kubwa tunaiita Tarehe Sita, kwa kukumbuka shambulio la kambi ya Kabamba la 6 Februari 1981, lililoanzisha vita vya msituni. Bibi wa kadeti aliyetoka Koboko anastahili kuelewa mjukuu wake amesifiwa kwa lipi. Kisha mwite kila mshindi akutamkie jina lake. Msomaji aliyezaliwa Gulu hajui kwamba Kyambadde hutamkwa karibu na "Chambadde," na wa Masaka naye atajikwaa kwenye jina la Kikaramoja. Andika matamshi kwa penseli juu ya jina.

Siku moja kabla, fanyeni mazoezi ya kupokea, na washindi wawe wameshaambiwa. Mshtuko mbele ya mgeni rasmi hauna faida kwa yeyote. Tumieni kijiti badala ya upanga. Kadeti anatoka, anasimama hatua tatu mbele ya mgeni, anapiga saluti, anapokea kwa mkono wa kushoto na wa kulia unabaki huru kupeana mkono, anarudi nyuma hatua moja, saluti tena, anageuka. Ni rahisi kuandika. Tatizo ni malezi: mtoto wa Kiganda au wa Kinyankole amefundishwa kumpokea mkubwa kwa mikono miwili, na binti amefundishwa kupiga magoti. Nilimwona kadeti mmoja goti limeshaanza kukunja, akalinyoosha kwa nguvu, macho yakamjaa machozi. Usimkemee. Mrudishe mara kumi taratibu, mwambie magwanda yana heshima yake na nyumbani kuna heshima yake, na atawapigia wazazi magoti jioni akitaka.

Mezani, vitu vipangwe kwa mpangilio wa orodha, kila kimoja na kikaratasi cha namba chini yake. Mtu mmoja anakabidhi, wa pili anaangalia namba kabla hakijatoka mezani. Wa pili huyo ndiye aliyekosekana siku yangu.

Wazazi watakuuliza kama upanga ule ni medali. Waeleze kwamba tuzo ya kadeti ni ya chuo. Medali za taifa, kama Katonga, Nyota ya Kabalega, Kagera au Luwero, hutolewa kwa mujibu wa sheria yake, na Kagera na Luwero zinahusu vita vyenye miaka yake.

Paredi ikiisha kazi yako bado. Andika tuzo kwenye jalada la kadeti na kwenye kitabu cha sajili, namba, jina, tarehe, saini. Picha ziandikwe nyuma siku hiyohiyo, kwani mwaka ujao nyuso zote zitafanana chini ya kofia. Na asiyeshinda akiomba kuona alama zake, mwonyeshe zake.

Jioni ile ya kombe moja nilimtafuta kadeti aliyerudishwa. Baba yake alikuwa ameshaondoka na gari la Mityana. Nilimwambia kosa ni langu, nikamfungulia daftari chini ya taa ya ofisi. Aliweka kidole kwenye namba yake akakivuta taratibu upande wa kulia: shabaha, wa saba; kwata, wa kumi na tisa; kusoma ramani, wa pili. Akakisimamisha hapo. Aliuliza kama anaweza kupata nakala ya ule mstari ampelekee mzee. Niliuandika upya kwa mkono, namba kwanza, jina baadaye, nikapiga muhuri, naye akaukunja mara mbili na kuuweka kwenye mfuko wa kifua.