Chanjo ya flu: uchome au uache? Kwa sisi wa Mwanza

Jibu la haraka kabla hujachoka kusoma: angalia nyumbani kwako unaishi na nani, hapo ndo utajua. Kwamba wewe mwenyewe una nguvu, hilo linakuja baadaye. Mi nauza dawa hapa Mwanza, sio daktari, na mvua zikishika tu kuanzia Igoma mpaka Nyegezi watu wanakohoa, kwenye daladala mtu akipiga chafya abiria wanafungua madirisha hata kama inanyesha, na swali ninaloulizwa ni hilohilo, eti kuna chanjo ya mafua, nikachome?

Kwanza ujue unanunua nini. Chanjo ya flu haizuii mafua ya kawaida. Yale ya pua kutiririka na koo kuwasha, siku ya tatu ushapona uko Makoroboi unaendelea na biashara zako, yanaletwa na virusi vingine kabisa na chanjo yake hamna. Flu inaletwa na kirusi cha influenza na ikikushika unajua tu kwamba hii sio ile ya siku zote, asubuhi ulikuwa unabeba magunia, jioni hata ndoo ya maji inakushinda, homa imepanda ghafla, kichwa, misuli yote inauma, kikohozi kikavu, alafu homa ikiisha unabaki na uchovu na kikohozi wiki nzima au mbili. Kwa hiyo kama unataka chanjo ili usipenge tena kamasi maishani mwako, hela yako kaa nayo tu.

Pia sio dawa. Kuna mama mmoja wa dagaa pale Mwaloni alikuja anakohoa kweli kweli, akaniambia "mwanangu nichome hiyo sindano ya mafua fasta, kesho nina safari ya Ukerewe." Nikamwambia mayu, shikamoo kwanza, alafu hiyo ni ya mtu ambaye hajaumwa bado, na hata ukichomwa leo mwili unachukua kama wiki mbili kutengeneza kinga. Hakufurahi hata kidogo, alitaka kitu cha kesho.

Jambo lingine la huku kwetu ni malaria. Homa ya ghafla na mwili kuuma, ukiishi kando ya ziwa, usianze kubashiri. Hata kama umechanjwa flu, ukipata homa nenda kapime, kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole majibu yanatoka kama ndani ya robo saa hivi, usikae nyumbani unasema itakuwa flu tu. Na kinyume chake pia, kipimo kikisema hauna malaria usinunue dawa mseto kwa kujihami, wala antibayotiki, kirusi hakisikii antibayotiki.

Sasa tuje kwenye kuamua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kila mwaka watu kama bilioni moja wanapata flu, milioni 3 mpaka 5 wanaumwa vibaya, na kati ya 290,000 na 650,000 wanakufa kwa matatizo ya kupumua yanayotokana nayo. Ukizitazama hizo namba utaona wengi mno wanaugua na kupona bila hata kufika hospitali, ila wanaobanwa wanajulikana ni akina nani: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee, na watu wenye magonjwa ya muda mrefu kama kisukari, moyo, pumu, figo, wanaoishi na VVU, na hapa kwetu Kanda ya Ziwa lazima nitaje seli mundu maana ni wengi. Mtoto wa seli mundu akipata homa tu mzazi wake halali, flu inaweza kumletea maumivu makali na ikashuka kifuani, kwa hiyo kama unampeleka kliniki Bugando au kwingine, safari ijayo muulize dokta wake kuhusu hii chanjo, usisubiri yeye akuanzie. Na zile penisilini anazomeza kumkinga na bakteria aendelee nazo, chanjo haichukui nafasi yake.

Mjamzito nitamkazania zaidi. Mimba inabadilisha kinga, moyo na mapafu, ndo maana flu inampiga kuliko angekuwa hana mimba, na anaweza kuchomwa ile ya sindano mimba ikiwa na miezi yoyote. Faida ya pili ni kwamba mtoto chini ya miezi sita hachanjwi flu kabisa, hamna chanjo yake, kinga anayoweza kuipata ni ile aliyopewa na mama akiwa tumboni. Ukiniuliza mi, nyumba ikiwa na hela ya dozi moja tu na kuna mjamzito humo, aende yeye.

Alafu kuna wewe ambaye huumwi kitu lakini unamhudumia bibi mwenye kisukari, au ni nesi, au una kichanga ndani. Mtu mwenye flu anaanza kuambukiza kama siku moja kabla hajajisikia vibaya, yaani unarudi kazini mzima kabisa, unambeba mtoto, unakula sahani moja na bibi, kesho ndo unaanza kutetemeka na wao ushawapa tayari. Kwa mtu wa hivi naona hela imetumika vizuri.

Kijana wa miaka 25, mzima, anaishi geto peke yake Mabatini? Ukichoma haina ubaya, itakupunguzia siku za kulala kitandani. Ila kama ndo hela ya kula hiyo, mi sitakulazimisha, na kama huna neti nzuri anza na neti.

Maana gharama ipo. Hii haimo kwenye zile chanjo za bure za kliniki ya mtoto. Kuna wazazi wananionyesha kadi, wanaweka kidole kwenye PCV wanasema "mbona mwanangu kashachomwa", hapana ndugu yangu, hiyo ni ya bakteria wa nimonia, nayo ni muhimu sana lakini ni kitu kingine. Ya flu unaitafuta mwenyewe, anza na hospitali kubwa za binafsi na sehemu zinazochanja wasafiri, piga simu kwanza usije ukapoteza nauli, uliza bei na uliza kama bima yako inagusa hapo.

Watu wanauliza inafanya kazi kweli? Inafanya, ila sio ukuta. Mwaka ambao chanjo imeendana vizuri na virusi vinavyozunguka inapunguza uwezekano wa kuumwa mpaka kwenda hospitali kwa asilimia kama 40 mpaka 60. Wengine watapata flu wakiwa wamechanjwa na mara nyingi inakuwa nyepesi kidogo. Na haikuletei flu, ile ya sindano haina kirusi hai ndani yake, mkono utauma, unaweza kupata kahoma na mwili kuchoka siku moja mbili, basi. Anayesema "nilichoma nikaumwa" mara nyingi alikuwa ashaambukizwa tayari, au alipata ndani ya zile wiki mbili, au yalikuwa mafua mengine tu.

Muda wa kuchoma ndo unachanganya. Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi, eti choma mwezi wa tisa au wa kumi kabla ya theluji, sasa theluji ya Mwanza iko wapi. Huku karibu na ikweta flu inazunguka mwaka mzima, inapanda na kushuka. Virusi vyenyewe vinabadilika kila mara, ndo maana WHO inakaa mara mbili kwa mwaka kuchagua vya kuweka kwenye chanjo, Februari kwa ajili ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya kusini. Kwa hiyo wewe usisubiri msimu, tafuta iliyo mpya kuliko zote zilizopo mjini. Omba uone boksi, lisome, mara nyingi utakuta limeandikwa msimu wake, mfano 2025/2026 ni ya kaskazini, mwaka mmoja peke yake ni ya kusini, na chini kuna tarehe ya kuisha. Ya msimu uliopita usikubali hata wakikupunguzia bei.

Ukiwa hapohapo uliza inakaa wapi. Inatakiwa friji ya nyuzi 2 mpaka 8, isigande wala isipate joto, na sote tunajua umeme wetu. Sehemu inayojielewa ina kipimajoto ndani ya friji na daftari la kuandika joto asubuhi na jioni, ukiuliza wanakuonyesha bila kununa. Mi niliwahi kuona sehemu moja, siitaji, chanjo imewekwa kwenye mlango wa friji pamoja na soda na chapati za wafanyakazi. Niliondoka.

Kama unasafiri hesabu mapema, zile wiki mbili ziishe kabla hujapanda ndege. Wanaokwenda Hija, Saudia inashauri hii chanjo kwa mahujaji, usiichanganye na ile ya homa ya uti wa mgongo ambayo ni lazima.

Asiyetakiwa kuchoma ni aliyewahi kupata mzio mkali na chanjo ya flu au kitu kilichomo ndani yake, huyo aongee na daktari kwanza. Ukiwa na homa kali siku hiyo ahirisha, mafua madogo hayazuii. Kuna nchi wana ya kupuliza puani, ile ina kirusi hai kilichopunguzwa nguvu, mjamzito na mwenye kinga ndogo wasitumie. Ukishachomwa kaa pale kama robo saa usikimbilie bodaboda, mzio mkali ni nadra sana lakini ukitokea unatokea mapema na dawa yake iko hapohapo.

Kinga inashuka ndani ya miezi kadhaa, kwa hiyo ni kila mwaka. Na kwa mtoto wa kuanzia miezi sita mpaka miaka nane ambaye hajawahi kuchanjwa flu ni dozi mbili zinazopishana angalau wiki nne, kwa hiyo kabla hujalipia ya kwanza waulize kama ya pili watakuwa nayo na ni shilingi ngapi.