Wazee wenzangu, baiskeli ya umeme ya bei nafuu ijaribiwe breki kabla ya kulipa

Simamisha baiskeli kwa stendi ili gurudumu la nyuma liwe hewani, washa umeme, zungusha pedeli kwa mkono mpaka mota ishike, kisha gusa breki kidogo tu. Mota lazima iache kuzungusha gurudumu papo hapo, kwa breki ya kulia na ya kushoto. Nyingi za bei nafuu husikiliza pedeli ikizunguka, si nguvu ya mguu, hivyo mota huendelea kusukuma kidogo hata ukiacha kukanyaga. Kijana atatupa mguu chini. Goti la miaka 65 halina haraka hiyo. Mota ikiwa gurudumu la mbele, muuzaji anyanyue usukani. Yenye kihisi cha nguvu ya mguu huenda isishike kwa mkono. Hiyo ijaribu kwa kuiendesha polepole uwanjani. Na yenye bomba la juu linalokulazimu kurusha mguu ili upande, mimi hata siijaribu.